Kopo la Bibi na Miguu ya Zuhura

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka shule, sijavua hata soksi, na redio ilikuwa imeanza kile kipindi cha salamu ambacho Bibi hakikosi. Zuhura, mdogo wangu wa miaka mitano, alikuwa nje akicheza mchezo wa kati na watoto wa jirani. Akakimbia kukwepa mpira, akajikwaa kwenye ukingo wa mtaro, akaangukia goti. Alilia kidogo tu. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi kifuniko cha soda. Bibi akamwosha, akampaka mafuta yake, akampa kaimati moja mkononi, na mchezo ukaendelea.

Naandika haya kwa sababu Zuhura sasa amemaliza muhula mzima bila bandeji, na kwa sababu pale kliniki nilikaa na akina mama wengi wenye watoto kama yeye, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Ningeweza kuwaambia kwa mdomo, lakini mimi si mtu wa kuongea. Niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu. Kuandika ndiko ninakoweza.

Tunaishi Jericho, hapa Nairobi, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili zinazotazamana, bomba la maji likiwa katikati. Tuko wanne: Mama, Bibi, mimi na Zuhura. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu. Huja akalala siku chache, kisha anarudi barabarani. Bibi ni mama yake Baba, kwao ni Pwani. Mama kwao ni Murang'a. Aliitwa Wanjiru kabla ya kuolewa, sasa ni Mariam, na anashona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Yeye na Bibi wanapatana, lakini kwa kupimiana maneno. Bibi ni mavyaa wake, na mavyaa huwezi kumwambia neno hivi hivi tu.

Lazima pia nieleze kuhusu foleni. Bibi hupika mafuta yake mwenyewe. Anakuna nazi, anachemsha tui mpaka mafuta yanapanda juu, anayachuja, anayachanganya na mafuta mazito ya dukani na liwa kidogo ili yanukie. Yakipoa anayatia kwenye kopo kubwa la bluu lililokuwa la rangi ya ukuta zamani. Kila asubuhi ya shule anakaa kwenye kigoda mlangoni, na watoto wote wa safu yetu, Waislamu na Wakristo, wanapanga foleni. Anachovya vidole viwili, anapaka uso, mikono na miguu mpaka mtoto anang'aa, kisha anamshika kichwa na kumwombea dua fupi. Mtaani wanasema ukiona watoto wamemeta ujue wametoka upande wetu. Mimi nilipita kwenye foleni hiyo miaka yote ya shule ya msingi. Zuhura, kwa kuwa ni wa nyumbani, ndiye huwa wa kwanza.

Siku ya tatu goti lilikuwa limevimba, ngozi imenyooka kama ya ngoma, na katikati kuna kichwa cheupe. Mama aliomba ruhusa kazini, nami nikakosa shule ili nimbebe Zuhura, kwa sababu hakutaka mguu ukunjwe. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu. Pale kliniki watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, miavuli inachuruzika sakafuni, na mlango ukifunguliwa kila mtu anainua kichwa kama ameitwa yeye. Tulikaa mpaka muuza chai wa asubuhi akaondoka na wa chapati akaja. Jipu lilipopasuliwa Zuhura aliniuma bega. Tukapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi. Chupa ilipoisha, goti lilikuwa limekauka, tukasahau.

Baridi ya Julai ikaja na sweta ya sufu. Zuhura akajikuna kiwiko, ukucha ukamchubua, na baada ya siku chache kiwiko kikawa kama embe dogo. Tukarudi kwenye benchi. Dawa ya waridi tena. Likizo ya Agosti akasukwa nywele, mistari ikavuta kidogo, vipele vikatoka kisogoni, vikaungana, vikaanza kutoa maji ya njano. Ikabidi anyolewe. Alipojiona kwenye kioo aliuliza kama sasa yeye ni mvulana. Safari hii walibadilisha dawa, wakampa vidonge ambavyo nilivisaga kwa nyuma ya kijiko na kuvificha kwenye uji. Uji akauzoea, akauchukia, na mpaka leo hanywi.

Sitadanganya kuhusu harufu. Usaha una harufu yake, na inakaa kwenye nguo hata ukifua. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na usiku nilikuwa nageukia ukuta. Siku moja akaniuliza, "Sau, mimi nanuka?"

Nikamwambia, "Leo hapana."

Akaridhika na hilo neno 'leo'.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama Njeri, jirani wa mlango wa pili, alisema ni damu chafu, apewe mwarubaini. Tulimpa; akatapika juu ya mkeka wa Bibi wa kuswalia. Bibi alisema ni jicho, kuna mtu alimsifia miguu. Mama alimpeleka kupimwa sukari, na kupimwa kile kingine ambacho watu hawakitaji kwa sauti. Vyote havikuwepo. Mama alilia kwenye korido akiwa amesimama, kisha akanunua ndizi tukala watatu kwenye ngazi, na sidhani kama nimewahi kula ndizi tamu kama zile.

Shuleni kwa Zuhura watoto walimpa jina: Madonda. Njeri naye alipotokewa na jipu kwenye paja, mama yake alikuja kusimama mlangoni kwetu na leso imefungwa kiunoni.

"Mama Saumu, mtoto wenu anaambukiza wangu."

"Pole, Mama Njeri. Hata sisi hatujui ni nini."

"Kama hamjui si mumweke ndani basi? Ama mnangoja ploti mzima tuote majipu?"

Bibi akajibu kutoka ndani, bila kuinuka, "Njeri asije kwenye foleni yangu kesho, basi." Mama Njeri akarudi kwake. Kesho yake Njeri alikuwa kwenye foleni kama kawaida, wa pili, nyuma ya Zuhura.

Kisha kikaja kisigino. Muhula wa tatu ulikuwa umeanza na Zuhura alikuwa na viatu vipya. Mama aliviona vimebana kidogo, akasema vitalainika. Kisigino kikachubuka. Bibi akakipaka. Kufikia wikendi Zuhura alikuwa anakanyaga kwa ubavu wa mguu, mtoki umetoka kwenye nena kama yai la kware, na mwili una homa ya kuchoma mkono. Mstari mwekundu ulikuwa unapanda kwenye muundi. Tulikimbia naye hospitali kubwa huku mvua fupi zinaanza.

Walimlaza. Wakampasua kisigino, wakamwekea sindano ya maji mkononi na kuifunga na kibao ili asiing'oe. Mama alilala chini ya kitanda juu ya katoni, mimi nikabaki nyumbani na Bibi, ambaye alikuwa anapika mihogo ya nazi na kunituma niipeleke ingali moto. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituita. Alikuwa kijana, macho yamechoka.

"Mkinirudishia huyu na kingine cha hivi," akasema, "hatutakuwa tunaongea habari ya ngozi. Tutaongea habari ya mfupa. Na mfupa wa mtoto ukioza, sina mengi ya kuwapa mchague."

Mama akanishika mkono chini ya meza. Vidole vyake vina sugu za kushona, na alinibana mpaka nikaumia. Nilikuwa nikiuangalia mguu wa Zuhura unaning'inia kwenye kiti, anaupigapiga kwa sababu alikuwa amechoka kukaa, na nikaamua kwamba mguu huo hautakatwa kitu. Sikujua nitafanya nini. Niliamua tu.

Baada ya hapo ikawa ni kwenda kliniki kubadilisha bandeji. Huko ndiko tulikokutana na Sista Akinyi, muuguzi mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Alipuliza glavu ikawa puto la vidole vitano, akaichorea macho, Zuhura akaipa jina la Kuku. Akiwa anasafisha kisigino akauliza bila kututazama:

"Mama Zuhura, nyumbani kuna mwingine mwenye majipu?"

"Hakuna, sista. Ni huyu tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma na begi. Pazia lilikuwa wazi nusu, na benchi zima la nje lilikuwa linatusikiliza bila kujificha. Nikainua mkono kama niko darasani.

"Ndiyo, msichana?"

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Nina jipu."

"Wapi?"

Masikio yangu yalipata moto. "Kwapani. Ni la pili. La kwanza lilikuwa mahali pa kukalia."

Mtu kwenye benchi akacheka kwa pua. Mama akageuka mzima mzima. "Saumu. Tangu lini?"

"Tangu likizo. Bibi alinipa kitunguu cha kuchoma nikabandika. Hata yeye anayo, mgongoni. Mimi ndiye humbandikia."

Sista hakucheka. Aliuliza tunaoga vipi, taulo ni ngapi. Taulo ni mbili, nikasema. Na mkishaoga mnapaka nini? Kabla sijafungua mdomo Zuhura akajibu, kwa yale majivuno yake.

"Mafuta ya Bibi. Mimi ndio wa kwanza. Ananipaka hapa, na hapa, na hapa kwa kidonda, halafu anachovya tena, anapaka Njeri, anachovya, anapaka wale wengine wote. Halafu Sau anapaka ya kuenda shule. Halafu Bibi anajipaka."

"Anachovya na nini?"

Zuhura akaonyesha vidole viwili.

Sista Akinyi akaweka mkasi chini. Akatuambia kwamba kuna viini vinavyoishi kwenye ngozi na puani, vinakaa kimya, vikipata mlango vinaingia. "Sasa nyinyi mmevipikia makao kwenye kopo. Kila asubuhi vinagawiwa, mtoto kwa mtoto, na huyu akipona anarudishiwa vyake. Dawa yangu haiwezi kushindana na hiyo. Hilo kopo litupwe leo."

"Ni la mavyaa wangu," Mama akasema.

"Hata kama."

Tulirudi kwa miguu, Zuhura mgongoni kwangu. Tulipofika karibu na soko Mama akasimama, akampigia Baba simu, akamweleza yote. Nyuma ya sauti ya Baba lori lilikuwa linanguruma.

"Ongeeni naye pole pole," Baba akasema. "Lakini mama yangu asilie."

"Nani aongee?"

"Si nyinyi mko hapo?"

Mama akakata. "Nitasemaje mimi? 'Mwanamke wa bara aniambie mikono yangu inaua mjukuu wangu,' ndivyo atakavyosikia. Nimekaa naye miaka kumi na nane, Saumu. Sijawahi hata kumwambia chai yake ina sukari nyingi."

"Nitaongea mimi."

Mama aliniangalia. "Wewe? Wewe unayetumwa chumvi kwa jirani ukarudi na kikombe kitupu?"

"Mimi."

Bibi alikuwa jikoni baada ya magharibi, na nyumba nzima ilinukia nazi. Alikuwa anapika mafuta mapya kwa sababu kopo lilikuwa linaelekea kuisha. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akasema, "Ingia au toka, moshi unapita."

Nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia sufuria. Nilisema sista amesema. Nilisema vidole. Nilisema kopo. Nilisema Njeri na mimi na mgongo wake mwenyewe.

Bibi aliendelea kukoroga.

"Kwa hiyo mimi ni mchafu."

"Si wewe, Bibi. Ni kuchovya."

"Baba yako nilimpaka hivi. Nilipokuja Nairobi sikumjua mtu hapa. Watoto ndio walinijua kwanza. Mtoto akitoka amepauka, watu wanauliza kwao hana mtu?" Akazima jiko. "Nimempaka Zuhura kisigino kile kwa mkono huu. Nikimwombea."

"Najua."

"Sasa unaniambia ndio nilikuwa namuua."

Nikasema, "Daktari amesema kingine kikitoka wataongea mambo ya mfupa. Mimi nataka abaki na mguu wake, Bibi. Hata ukinikasirikia."

Akafunika sufuria, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakula. Mama alimpelekea chakula, akakirudisha kama kilivyo. Zuhura akauliza Bibi ana nini, Mama akampeleka kulala. Nilichukua kopo la bluu, nikalifunga kwa mfuko mara mbili, nikalitupa kwenye pipa la mwisho kabisa la safu ili lisiokotwe. Nilihisi kama mwizi.

Yaliyofuata nitayasema hapa, ili nimalize na asubuhi ya kesho yake. Sote wanne tulioga kwa sabuni ya dawa tuliyoandikiwa na kupaka marhamu puani mpaka ilipoisha. Baba naye alipokuja alipakwa, akilalamika kuliko Zuhura. Tulipata taulo za rangi nne, kila mtu na yake, na Mama alichemsha mashuka kwenye sufuria ya pilau. Kucha zinakatwa Ijumaa. Mchubuko, hata wa kuchekesha, unaoshwa kwa maji na sabuni na kufunikwa siku hiyo hiyo, na haupakwi mafuta. Baada ya Krismasi kipele kimoja kilitoka kwenye shavu la Zuhura na sote tulilala macho, kikakauka chenyewe. Kisigino kina kovu la rangi ya zambarau. Anawaonyesha watoto wengine na kuwaambia aliumwa na mamba. Kama una mtoto ambaye kila mkwaruzo wake unageuka jipu, usimwangalie yeye peke yake. Uliza wote mlio nyumbani, hata walio na aibu. Angalia ni kitu gani kinapita mkono kwa mkono, hasa kile mnachokipenda.

Asubuhi baada ya kulitupa kopo niliamka kabla ya Mama. Mlango wa Bibi ulikuwa bado umefungwa. Mafuta ya jana yalikuwa yameganda kwenye sufuria, meupe, hakuna kidole kilichoyagusa. Nikayatoa nje pamoja na kijiko, sabuni na jagi la maji, nikakaa kwenye kigoda cha Bibi. Foleni ikaanza kujipanga. Kina mama walikuwa bombani, Mama Njeri akiwa mmoja wao, na wote wakaniangalia.

"Sau, leo ni wewe unatupaka?" Njeri akauliza. "Bibi ako wapi?"

Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Leo hakuna kuchovya. Kila mtu aende kwao akuje na kachupa kake, kenye kifuniko. Ukirudi unanawa kwanza. Kama una kidonda unaniambia."

"Kwani we ni daktari?" mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Nimeambiwa na sista. Majipu yalikuwa yanatoka kwa kopo. Hata mimi ninayo, kwapani."

Nilisema hivyo mbele ya bomba zima. Mama Njeri akaweka ndoo chini. Akaniangalia, akamwangalia Njeri, kisha akasema, "Njeri, kimbia ulete ile chupa ya asali iliyoisha. Iko chini ya meza."

Wakatawanyika, wakarudi na chupa za dawa, vikopo vya kiwi ya viatu vilivyosuguliwa, kifuniko cha chupa ya chai. Nilikuwa nawamwagia maji wananawa, nachota kwa kijiko, namtilia kila mmoja kwenye chake. Nilikuwa na haraka. Hakuna aliyeondoka. Walipopata mafuta yao walibaki wamesimama na vikopo, na nikaelewa wanangoja dua, nami sikuijua.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Bibi alikuwa amejifunga leso yake ya kutokea, macho yamevimba. Aliangalia sufuria, kijiko, foleni. Zuhura alikuwa wa kwanza, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na kile kisigino kilichofungwa kikiwa hewani, ameshika kikopo chake kwa mikono miwili.

Nikainuka kwenye kigoda. Bibi akakaa. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akainyoosha mikono yake mbele yangu, viganja juu, akangoja.

Nikachukua sabuni na jagi, nikamwagia.